Waandishi Kumi na Mmoja wa Shimo la Namswea

Tarehe 11 Septemba 1995, siku ya Jumatatu, Othmar Mbunda alikabidhiwa katika posta ya Mbinga stakabadhi ya bahasha ya rejista inayokwenda Uingereza. Ndani ya bahasha hiyo mlikuwa na muswada wa makala ya kisayansi, nakala tatu, kuhusu udongo unaochukuliwa na mvua kwenye miteremko ya Umatengo. Makala ilikuwa na kurasa kumi na nane na waandishi kumi na mmoja. Kati ya waandishi hao, aliyekuwa ameisoma yote ni mmoja tu, naye ndiye aliyesimama pale kaunta akilamba stempu.

Othmar ni mtafiti msaidizi katika kituo kidogo cha utafiti wa udongo, nje kidogo ya mji wa Mbinga. Ana shahada moja ya Morogoro, suti moja, na nyumba ya kituo yenye vyumba viwili anamoishi na mkewe Rosina, mwalimu wa shule ya msingi, na binti yao Glorious. Ni mtu mpole. Watu wanaomfahamu husema hivyo mara moja, kwa sauti ya chini, kana kwamba wametaja ugonjwa.

Haja ya kuandika makala haikutokana na kiu ya elimu. Miaka hiyo kila kitu cha umma kilikuwa kinapunguzwa. Chama cha ushirika kilikuwa kinakata roho, kahawa ilinunuliwa na watu binafsi waliokuja na mizani zao, na wafanyakazi wa serikali walikuwa wakipewa barua za shukrani na nauli ya kurudi kwao. Kituoni wa kwanza kupunguzwa alikuwa mpiga chapa, Ottilia. Kisha ukaja waraka kutoka makao makuu: mtafiti ambaye hadi mwisho wa Juni 1996 hatakuwa na makala iliyokubaliwa na jarida linalotambulika, jina lake litaingizwa kwenye orodha. Orodha yenyewe ingeandikwa na mkuu wa kituo, Dkt. Cleopa Chiwanga.

Othmar hakuwa na makala. Alichokuwa nacho ni misimu mitatu ya matope.

Misimu hiyo aliimalizia Namswea, kwenye shamba la Mama Tadea, lenye mteremko ambao mbuzi huupanda kwa kufikiri. Upande mmoja wa shamba palilimwa matuta, kama wataalamu wanavyofundisha. Upande mwingine palilimwa ngoro, yale mashimo ya Wamatengo. Wanaume hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana kama wavu. Wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuyafukia majani. Shamba likikamilika, mlima hufanana na sega la nyuki. Chini ya kila upande Othmar alifukia mabati ya kukinga udongo unaoteremka, na kila baada ya mvua kubwa alikwenda kuuzoa, kuukausha na kuupima. Matokeo yalikuwa wazi hata kwa mtu asiyependa hesabu. Matuta yalipoteza udongo karibu mara sita ya ngoro.

Kazi ya kisayansi ilikuwa imekwisha. Iliyobaki ni kuandika majina, na hapo ndipo Othmar alipofanya kosa ambalo mtu wa mahali pengine asingeweza kulifanya.

Mmatengo hachimbi ngoro peke yake. Anapika pombe na kuwaita majirani. Wanakuja na majembe, wanalima mpaka jua linapokaa vizuri, kisha wanakaa kunywa. Hiyo ndiyo ngokela. Katika ngokela hakuna anayehesabu mashimo ya mwenzake. Aliyechelewa anakunywa, aliyegusa jembe na kulirudisha chini anakunywa, na mzee aliyekuja kuangalia tu anakunywa kabla ya wote. Othmar alikuwa mdogo wakati baba yake alipomnyima kibuyu cha pombe jirani mmoja aliyefika na jembe kavu. Msimu uliofuata pombe ilipikwa, ikachacha, na hakuja mtu. Familia ililima peke yake mpaka mvua ikawakuta mlimani. Somo hilo Othmar alilielewa kuliko yote aliyofundishwa Morogoro.

Kwa hiyo alipokaa kupanga waandishi, alipanga ngokela.

Wa kwanza, bila mjadala, alikuwa Dkt. Cleopa. Yeye ni mtu wa Lituhi, ziwani, Mwanglikana wa ukoo wa wavuvi, na milima ya Umatengo anaiona kama watu wengine wanavyoona kwikwi, kitu kinachosumbua ambacho kitapita. Shamba la Namswea hakuwahi kulikanyaga.

"Jina la mkubwa likae wapi kama si mbele?" aliuliza, akiwa na sahani ya usipa, dagaa wa kwao ziwani, mbele yake. "Au ninyi Wamatengo mnatanguliza miguu mkiingia ndani?"

"Kwetu tunatanguliza mgeni, mkuu," Othmar alisema. "Lakini huyo huwa amewahi kuliona shamba."

"Shimo ni shimo, bwana. Nikitaka kuona shimo nitakwenda makaburini. Andika."

Huo ndio utani wa pekee ambao Othmar alithubutu mwaka ule, na aliujutia njia nzima ya kurudi mezani kwake.

Wa pili alikuwa Bwana Pankras, mratibu wa mradi mmoja wa hifadhi ya udongo wenye wafadhili wa nje. Pankras aliwahi kuwapa watu wa kituo gari lake, likakwama kabla ya Namswea, wakalisukuma. "Jina langu lisikose," alisema. "Sisi ni wadau." Wa tatu alikuwa padre wa parokia aliyetoa takwimu za mvua. Wa nne diwani, aliyetoa baraka. Kisha mwenyekiti wa kijiji, kwa sababu diwani amewekwa. Kisha katibu wa chama cha ushirika, aliyeazimisha mizani ambayo haikuwa na kahawa ya kupima tena. Mhasibu wa kituo aliingia kwa kuidhinisha ndoo. Mwalimu mkuu wa Rosina aliingia kwa kuhamisha koma. Shemeji yake Dkt. Cleopa, aliyekuwa akisoma ng'ambo, aliingia kwa kutuma nakala ya jarida ili waone jinsi ya kuandika. Dereva wa Pankras aliingia kwa huruma. Othmar mwenyewe alijiweka wa mwisho, kama mwenye pombe anavyokunywa mwisho.

Ottilia ndiye aliyepiga chapa. Baada ya kupunguzwa alikuwa amenunua mashine ileile ya kituo kwenye mnada, akapanga chumba nyuma ya soko, na sasa kituo kilikuwa kinamlipa kwa kila ukurasa kufanya kazi iliyokuwa inafanyika bure. Aliupokea ukurasa wa kwanza, akaushika mbali na macho.

"Kaka Othmar, hii ni makala au kadi ya harusi?"

"Makala."

"Maana naona Mheshimiwa, naona Padre, naona Daktari. Bibi harusi yuko wapi?"

"Piga tu, dada."

"Napiga. Nauliza tu kama niache nafasi ya kwaya."

Maelekezo ya jarida Othmar aliyafuata kwa utii wa mtawa. Alipima pambizo kwa rula. Alirudia majedwali mara tatu kwa sababu ya mistari ya wima ambayo jarida halikuipenda. Kifungu kilichohusu nani anastahili kuitwa mwandishi alikipitia jinsi mtu anavyosikiliza matangazo ya parokia isiyo yake. Aliona kimeandikwa kwa ajili ya watu wasio na majirani.

Rosina aliisoma nakala mezani baada ya chakula. Alisoma ukurasa wa majina, akaufunua, akaurudia.

"Baba Glorious, kwenye ngokela watu huja na majembe. Hawa wamekuja na vibuyu."

"Nikiwaacha, kesho nani atanisaidia?"

"Walikusaidia lini?"

Othmar akasema bahasha ni lazima iwahi posta.

Jibu lilifika Januari. Mhariri aliandika kwa upole wa watu wasiokuwa na haraka. Wahakiki wawili walikuwa wameipenda kazi. Walitaka jedwali la pili lipangwe upya na maelezo ya ngoro yaongezwe. Makala ingekubaliwa. Lilibaki jambo moja. Kwa kuwa waandishi walikuwa wengi kuliko kawaida, kila mmoja alitakiwa kueleza kwa maandishi ni sehemu gani ya utafiti aliyoifanya, kubuni, kupima, kuchambua au kuandika, na kutia saini kwamba yuko tayari kujibu hadharani juu ya kila kilichomo. Waliotoa ruhusa, usafiri au vifaa wangeshukuriwa mwishoni. Hao si waandishi. Maelezo yafike kabla ya Aprili kwisha.

Othmar alisoma barua ile akiwa amesimama, kisha akaisoma ameketi. Asipopeleka maelezo hayo, makala imekufa, na mwisho wa Juni naye amekufa pamoja nayo. Akachukua kwa Ottilia nakala kumi za muswada na kuanza kuzunguka.

Alianzia kwa Pankras, ambaye kwa mara ya kwanza alilazimika kuisoma kazi yake mwenyewe. Alikwenda vizuri mpaka jedwali la pili.

"Othmar, matuta haya yaliyopoteza udongo ni ya nani?"

"Ya mradi wako. Wewe mwenyewe uliwatuma vijana wayapime."

"Yale yaliyonipatia cheti Nane Nane?"

"Yaleyale."

Pankras aliinuka, akafunga mlango, akarudi. "Ndugu yangu, wafadhili wanakuja mwezi wa tatu. Unataka wakute nimesaini kwamba mradi wao unauteremsha mlima mtoni?"

"Lakini ulisema jina lako lisikose."

"Nilisema jina. Nilisema saini mimi?"

Kutoka hapo habari ilimtangulia Othmar kila alikokwenda. Diwani, aliyekuwa amechaguliwa Oktoba 1994 kwa kura chache zilizobishaniwa, alisoma maneno "kujibu hadharani" na kuuliza nani amemshitaki. Mwenyekiti wa kijiji alisema atafanya kama diwani. Padre alisema kweli tupu: alidhani ni hati ya shukrani, na hata mvua hakuipima yeye, alipima katekista. Katibu wa ushirika alitaka kwanza ajue mizani itarudi lini. Mwalimu mkuu alisahihisha barua ya mhariri, akairudisha bila saini. Mhasibu alikuwa likizo, ingawa gari lake la mkono la matofali lilionekana uani na yeye akiwa nyuma yake. Shemeji wa ng'ambo hakujibu. Dereva peke yake ndiye aliyechukua kalamu kwa moyo mmoja.

"Waandikie nilisukuma gari. Hilo nitajibu mahali popote."

Ilibidi Othmar amweleze kwamba kusukuma gari si kuchambua, na dereva akakasirika kuliko wote, kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa ametoa jasho.

Othmar alirudi nyumbani na ukurasa wa majina uliokatwakatwa. Alikuwa na aibu ya mtu aliyepika pombe ikachacha, na chini ya aibu hiyo palikuwa na unafuu ambao hakutaka kuutazama.

"Na Mama Tadea?" Rosina aliuliza.

"Kafanya nini?"

"Nakuuliza wewe. Shamba la nani? Mashimo kachimba nani misimu mitatu?"

"Hakuniomba."

"Kumbe sharti ni kuomba."

Kesho yake Othmar alikwenda Namswea. Mama Tadea alikuwa anachambua kahawa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kung'oa mabati yako?"

Othmar hakuwa amekuja kung'oa mabati. Alieleza alichojia: kwamba makala inakwenda Ulaya, kwamba angependa jina la mama liwemo, kwamba kuna kutia saini kidogo. Mama Tadea alimsikiliza mpaka mwisho huku vidole vikitupa kahawa mbovu pembeni.

"Diwani amesaini?"

"Amejitoa."

"Padre?"

"Naye."

"Na yule bwana wa mradi, mwenye gari?"

"Huyo alikuwa wa kwanza kujitoa."

Mama Tadea alicheka mpaka akashika ubavu. "Kwa hiyo wenye viatu wote wamekimbia, ndiyo unanikumbuka mimi wa pekupeku! Miaka mitatu hukusema kuna jina. Leo lina polisi, unaniletea."

"Halina polisi, mama."

"Basi wangekimbia nini? Niandike kwenye asante kama unataka. Mimi ninachotaka ni uje ung'oe hayo mabati, yananivunjia jembe."

Othmar aliahidi atakuja. Alikuwa ameahidi hivyo pia msimu uliopita.

Alibaki Dkt. Cleopa, na huyo hakuwa na nia ya kujitoa. Alimwita Othmar ofisini akiwa amechangamka.

"Nasikia wamepukutika. Vizuri sana. Makala ya watu wawili inasomeka. Andika maelezo yangu, nitasaini."

"Niandike ulifanya nini, mkuu?"

"Yote. Nilibuni, nilipima, nilichambua. Maneno mtafute ninyi, ndiyo kazi yenu."

"Na wakiuliza kuhusu ngoro? Mhakiki wa pili anauliza maswali. Labda twende Namswea siku moja, nikuonyeshe—"

"Bwana Mbunda." Dkt. Cleopa aliweka kalamu chini. "Mwezi wa sita naandika orodha. Usinipeleke milimani."

Mtu jasiri angekataa pale pale. Mtu mwongo angekwenda kuandika "alibuni, alipima, alichambua," na kulala vizuri. Othmar hakuwa mmoja wala mwingine, na kwa siku kadhaa alitembea na karatasi tupu kwenye mfuko wa shati. Kumpa mkubwa kibuyu asichokifanyia kazi hakukumsumbua. Alikuwa amegawa vibuyu vyote hivyo bila kukosa usingizi. Kilichomsumbua kilikuwa mhakiki wa pili, mtu asiyemjua wala kumwona, aliyeuliza maswali matatu kuhusu majani yaliyofukiwa, maswali ya mtu aliyesoma kila mstari. Katika maisha yake yote kazini hakuna aliyewahi kusoma kila mstari wa Othmar. Alijikuta hawezi kumdanganya msomaji wake wa pekee.

Alikwenda kwa Ottilia na karatasi yenye mistari miwili. Ottilia aliisoma kwa sauti, akiigeuza Kiswahili papo hapo.

"'Nilitoa ruhusa ya utafiti huu kufanyika, na gari la kituo pale lilipokuwa na mafuta. Sikushiriki katika kubuni, kupima, kuchambua wala kuandika.' Na chini jina la mkuu." Akamtazama. "Nipige hivi hivi?"

"Hivi hivi."

"Akisoma?"

"Dada, umefanya naye kazi miaka mingapi?"

Ottilia alifikiri. "Mwaka mmoja aliidhinisha likizo yangu mara mbili. Na barua ya kunipunguza alisaini katikati ya barua za kununua wino." Akaingiza karatasi kwenye mashine. "Hii sikudai hela."

Othmar aliiweka karatasi hiyo kwenye jalada la maombi ya mafuta, katikati, akalipeleka asubuhi wakati Dkt. Cleopa anaongea na mtu wa Lituhi kwa simu kuhusu injini ya mtumbwi. Mkuu alisaini zote bila kukata mazungumzo, saini kubwa yenye mkia uliofika pambizo. Othmar hakusema uongo hata mmoja. Hakusema chochote. Alitoka na jalada kifuani, akaipeleka karatasi posta siku hiyohiyo.

Barua ya kukubaliwa ilifika mwishoni mwa Mei kwa anwani ya kituo, hivyo Dkt. Cleopa aliifungua yeye. Makala imekubaliwa kuchapishwa mwakani, mwandishi Othmar Mbunda. Kulingana na maelezo yake mwenyewe, Dkt. Chiwanga atashukuriwa mwishoni. Nakala ya maelezo hayo imeambatishwa.

Sauti ilisikika mpaka kwenye bustani ya miche.

"Nani aliandika takataka hii?"

"Umesaini wewe, mkuu."

"Nilidhani ni maombi ya mafuta!"

"Mafuta yamo, mkuu. Mstari wa kwanza, kuelekea mwisho."

Dkt. Cleopa angeweza kuiandikia Uingereza kwamba saini si yake, lakini angehitaji pia kueleza kwa nini huwa anasaini asichokisoma, na eneo hilo lilikuwa pana kuliko makala moja. Akaikunja barua, akamrudishia Othmar kwa ncha za vidole viwili.

Shukrani za mwisho wa makala Othmar aliziandika mwenyewe, na ni ndefu kuliko hitimisho. Zinaanza na Dkt. Cleopa, zinafuata mradi wa Pankras, parokia, diwani, mwenyekiti, ushirika na wengine kwa heshima zao. Mama Tadea ni wa mwisho, baada ya dereva. Rosina alipoisoma alisema "Mmh," akaenda kuosha vyombo.

Orodha ya wanaopunguzwa ilibandikwa tarehe ya mwisho ya Juni. Mhasibu yumo. Othmar hayumo, kwa kuwa juu ya mwenye barua ya kukubaliwa waraka haukumwachia mkuu nafasi. Ulimwachia uhamisho. Siku nne baadaye Othmar alipokea barua nyingine, inayomhamishia Lituhi kwa manufaa ya umma, akafanye utafiti wa mihogo kwenye mchanga wa ufukweni, mahali ambapo mteremko pekee ni ule wa kuingilia ziwani. Safari hii Dkt. Cleopa aliisoma barua yote kabla ya kusaini. Ottilia, aliyeipiga, anasema mkuu aliirudisha mara mbili kusahihishwa.

Nyumba ya kituo inatakiwa iachwe. Rosina na Glorious wanabaki Mbinga, kwenye chumba cha kupanga, hadi muhula uishe. Jumamosi Othmar anakwenda Namswea kung'oa mabati. Jumatatu anaanza kazi Lituhi.